Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na seli za Langerhans, seli za kinga za ngozi

Saa 2 asubuhi. Friji kwanza. Vipande vya ngozi vilivyobaki baada ya upasuaji, wenyewe wakiwa wametia saini ya ridhaa, vimelala usiku kucha ndani ya dispasi, nyuzi 4. Kimeng'enya hiki hulegeza mshikamano wa tabaka la juu la ngozi (epidemisi) na la chini.

Saa 3. Kazi niipendayo. Nashika ukingo kwa kibanio, navuta polepole, epidemisi inabanduka nzima: utando mweupe-mweupe, mwembamba hadi mwanga unapita. Ukiharakisha, umechanika. Tabaka la chini silitupi, nalo lina seli zake za dendriti (seli za kinga zenye matawi), za aina nyingine.

Saa 5. Nautia utando kingamwili zenye rangi ya kung'aa zinazonasa langerini, protini inayozitambulisha seli za Langerhans. Kusubiri, kuosha, kusubiri tena.

Saa 8 mchana. Chumba cha hadubini, taa zimezimwa. Seli zinang'aa kijani, kila moja imepenyeza matawi katikati ya jirani zake. Hazizidi sana asilimia 5 ya seli za epidemisi, ila zimetapakaa hasa. Paul Langerhans alipoziona, akachapisha habari zake mwaka 1868 angali mwanafunzi wa udaktari, alidhani ni za neva. Simlaumu, kwa matawi yale!

Saa 10 jioni. Inkubeta, nyuzi 37. Utando wa juzi unaelea, na chini yake seli zimetoka zenyewe, zimetua sakafuni mwa kisahani. Ndiyo maana sipendi zikiitwa askari wa ngozi. Askari haachi lindo. Seli hizi kazi yao kubwa ni kuondoka. Mwilini, ikishameza kijidudu, seli hujinasua, hushika njia ya mishipa ya limfu, na ndani ya tezi huzionyesha seli T (seli nyeupe za damu zinazoendesha kinga) vipande vya ilichokimeza. Pasipo dalili ya hatari, huzifunza zitulie, na hilo husahaulika mno.

Mwenzangu kapita anajikuna viganja. Glavu za mpira alizivaa juzi, upele umetokea leo. Mzio wa namna hii ndivyo ulivyo: seli T zilizokwisha kufunzwa huchukua siku moja au mbili kukusanyika ngozini. Nimempa glavu zisizo na kemikali za mpira ziletazo mzio huo.

Saa 12. Seli nilizokusanya nazitia fomalini, kwani mashine ya kuzichambua ina foleni mpaka kesho.