Jinsi Tulivyokitoa Kiwango cha Kodi Ndani ya Msimbo

Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kodi ya ongezeko la thamani ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, nasi tuliokuwa tukitunza programu ya mauzo ya maduka kadhaa jijini Nairobi tulibakiwa na siku chache tu za kuirekebisha. Kutafuta 16 kwenye msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, hakukutosha. Bei za rejareja kwa kawaida huwa na kodi ndani yake, hivyo kodi hupatikana kwa kuzidisha bei kwa 16 na kugawanya kwa 116. Kwingine tulikuta 1.16, na katika ripoti moja ya mwezi tulikuta 0.862, ambayo ni 100 gawanya kwa 116.

Tarehe ilipofika tulikuwa tayari, lakini niliazimia kwamba kiwango cha kodi kisikae tena ndani ya msimbo. Tulikihamishia kwenye jedwali la hifadhidata linaloonyesha kiwango, tarehe ya kuanza kutumika, aliyekiingiza na aliyekiidhinisha. Kila hesabu ikawa inachukua kiwango cha siku ya mauzo, wala si cha siku ya leo, kwa sababu bidhaa huweza kurudishwa dukani baada ya kiwango kubadilika, na kodi inayofutwa lazima ilingane na ile iliyotozwa.

Msimbo ulikuwa tayari kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ila historia yake ilijaa maelezo kama "marekebisho", yasiyomfaa yeyote. Niliweka sharti kwamba kila badiliko liwe na ombi la maandishi linaloeleza sababu, sehemu zitakazoguswa na namna ya kulirudisha nyuma, na lisiingie tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, kabla mtu wa pili hajalisoma. Wenzangu walilalamika kwamba kazi ingechelewa. Kwa makosa ya tahajia kwenye skrini niliona wana hoja, tukayaondolea sharti hilo. Kwa chochote kinachogusa fedha sikulegeza.

Kiwango kiliporudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021, mstari mpya wa jedwali la viwango ulikuwa umeshaidhinishwa Desemba na kujaribiwa kwenye seva ya majaribio tuliyoisogeza tarehe mbele, na usiku ule hakuna aliyegusa seva ya maduka. Baadaye mwezi huo mteja alirudisha feni aliyoinunua kabla ya Krismasi, na hati ya kumrejeshea fedha ikatoka na kodi ya asilimia 14, sawa na risiti yake.