Saa Moja Angani, Mahesabu Wiki Nzima

Tiketi ya Mombasa hadi Roma kupitia Addis Ababa niliikata jioni moja nikiwa barazani, chai haijapoa. Kilichoninyima usingizi ni kipande cha mwisho, kile cha saa moja tu kutoka Italia bara hadi kisiwa cha Sardinia anakoishi dada yangu. Kwenye ramani ni jambo dogo: bara hili hapa, kisiwa kile pale. Ukifika mahali pa kulipa ndipo unapoona kwamba Sardinia ina viwanja vitatu, Milano vitatu, Roma viwili, na kila jozi ina bei yake, saa zake na masharti yake ya mizigo.

Sisi watu wa Malindi tumezoea Waitaliano kuja kwetu. Utamsikia muuza vinyago akibishana bei kwa Kitaliano kana kwamba amezaliwa Napoli. Kuwaendea kwao, tena kisiwani, ni habari nyingine, na sikuwa na wa kumwuliza ila dada mwenyewe na shemeji.

Dada anakaa Sassari, kaskazini-magharibi. Uwanja wa karibu naye ni Alghero, pale Fertilia, nusu saa hivi kwa gari. Wa pili ni Olbia, upande wa mashariki, kiasi cha kilomita mia moja kutoka kwake. Wa tatu ni Cagliari, mji mkuu, kusini kabisa; kutoka huko hadi Sassari ni treni ya saa tatu na ushei.

Olbia ilinivutia kwa bei, na kwa jambo jingine lililonichekesha nilipolijua. Pwani ya matajiri iliyo jirani na uwanja ule, Costa Smeralda, ilianzishwa 1962 na Karim Aga Khan, yule yule ambaye kwetu jina lake liko kwenye hospitali ya Mombasa, na ndiye mwasisi wa kampuni inayochapisha gazeti la Taifa Leo. Mwaka uliofuata akaanzisha na shirika la ndege, Alisarda, maana hoteli za kifahari bila njia ya kuzifikia ni hasara tupu. Baadaye likaitwa Meridiana, mwishowe Air Italy, na Februari 2020 likafunga. Wazee wa kazi za hoteli pwani wanazikumbuka ndege za Meridiana; zilikuwa zikituletea wageni hadi Mombasa. Hata hivyo historia haikupi usafiri wa kutoka Olbia hadi Sassari usiku, na ndege ya bei rahisi ilikuwa inatua usiku. Ukijumlisha taksi au chumba cha kulala, urahisi umekwisha. Nikaifuta.

Kabla ya kisiwa palikuwa na swali la bara: niingilie Roma au Milano? Ndege ya Addis inakwenda kote kuwili. Milano inatua Malpensa, kama kilomita hamsini kutoka mjini, ilhali ndege za Sardinia zilizo chini ya mkataba wa serikali, nitakaoueleza mbele, zinaondokea Linate, upande wa pili wa jiji. Zile za bei ya chini nyingi ziko Bergamo, nje kabisa. Kwa hiyo mtu anashuka Malpensa na masanduku yake, anapanda treni hadi katikati ya jiji, anabadilisha kwenda Linate kwa metro au Bergamo kwa basi, huku akiomba Mungu foleni ya paspoti isiwe ndefu. Roma, ndege ya Addis inashukia Fiumicino, na ya Alghero inaondokea hapo hapo Fiumicino. Unavuka kwa miguu na kitoroli chako. Kwangu mimi hilo lilimaliza mjadala, ingawa Milano ingeniokolea pesa kidogo.

Shemeji, ambaye ni Msardinia wa kuzaliwa, aliona haya yote ni kujichosha. Kwake jibu ni meli ya usiku kutoka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma: unalala, unaamka, umefika. Mimi chombo nilichokizoea ni feri ya Likoni. Nikamshukuru.

Sasa ukichagua safari yenyewe, tovuti inakuuliza: wewe ni mkazi wa Sardinia au siye? Hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Sheria ya Ulaya inaruhusu serikali kuweka masharti maalumu kwenye njia ambazo watu wa mahali hawawezi kuishi bila ndege, na Sardinia inazo: kutoka viwanja vyake vitatu kwenda Roma Fiumicino na Milano Linate. Makampuni yanashindania zabuni, na mshindi anakubali kumwuzia mkazi kwa nauli iliyopangwa, hata akija kukata tiketi dakika za mwisho. Mtu wa kisiwani ana rufaa ya hospitali, ana mazishi, ana mtihani wa chuo. Hawezi kungoja bei ishuke. Naona ni haki kabisa, na nilitamani mtu wa Lamu naye afanyiwe hivyo. Asiye mkazi anapangiwa bei nyingine, na Agosti bei hiyo hupaa kuliko ndege yenyewe. Kwa kuwa zabuni hurudiwa, kampuni uliyosafiri nayo juzi huenda mwakani isiwepo kwenye njia ile, kwa hiyo ushauri wa mtu aliyekwenda zamani hausaidii sana.

Dada alinipigia simu mahususi kwa jambo hilo. “Mdogo wangu, pale pa mkazi usipaguse. Mlangoni wataomba kitambulisho, na chako kimeandikwa Kilifi.”

Nikamwambia sikuwa na nia hiyo. Akasema, “Najua, lakini nakujua pia.”

Likabaki suala la mizigo, na hili ndilo lililoamua ndege. Ndege ya kutoka nyumbani ilinipa masanduku mawili ya kilo 23. Ile ya kisiwani, kwa bei inayoonekana kwenye tangazo, ilinipa begi la mkononi basi. Ukiongeza sanduku moja nauli inapanda. Ukiongeza la pili unajiuliza nani anamtembelea nani. Nami sikuweza kwenda mikono mitupu, maana dada alikuwa ameagiza mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ina ulimi wa chuma wenye meno. Hakuna uwanja wa ndege duniani utakaokuruhusu kuingia nayo ndani kama mzigo wa mkononi. Ile bei ya begi la mkononi tu ikafia hapo hapo.

Nazi zenyewe nilibeba. Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa matunda karibu yote, ila umeyaachilia matano: nazi, ndizi, nanasi, tende na doriani. Embe halimo, na nyama na maziwa havipiti kabisa. Sijui abiria wenzangu wangesema nini kama ningetumia ruhusa ile ya doriani.

Hatimaye nikakata ndege ya alasiri badala ya ile ya asubuhi iliyokuwa nafuu. Sababu ni kwamba tiketi zangu zilikuwa mbili tofauti: ya Addis ikichelewa, kampuni ya pili haina habari nawe, inafunga mlango na kuondoka. Tiketi moja ya kuunganisha ilikuwepo, lakini iliniteremsha Cagliari wakati treni ya mwisho ya Sassari imeshatoka.

Fiumicino alfajiri ni foleni. Nikapita paspoti, nikachukua sanduku, na kwenye ushuru wa forodha kijana mmoja akaniashiria nisogee. Kwenye mashine alikuwa ameona kitu asichokielewa. Akafungua, akaitoa mbuzi, akaikunjua, akaigeuza, akapitisha kidole karibu na yale meno bila kuyagusa. Nikamweleza kwa Kitaliano changu cha Malindi kwamba ni ya nazi. Akauliza unaishikaje. Nikamwambia huishiki, unaikalia. Akaitazama tena, akamwita mwenzake aje aone, wakaulizana lao, kisha akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi na kunitakia safari njema.

Saa zilizobaki nilikunywa kahawa ya kusimama na kutazama ubao. Sikuzijutia. Ndege ya asubuhi iliondoka mimi nikiwa bado kwenye foleni ya paspoti.

Safari yenyewe haina mengi. Unapanda, unaona bahari, unaanza kushuka. Ila Sardinia ina upepo wake wa kaskazini-magharibi, maestrale, unaokuja bila kizuizi kutoka upande wa Ufaransa, na siku ile ulikuwa umeamka vibaya. Upande wangu wa dirisha niliona majabali meupe ya Capo Caccia yakisimama wima baharini, povu likipanda chini yake. Magurudumu yalikuwa yameshashushwa, naona paa na mizabibu, mara injini zikanguruma na tukaanza kupanda tena. Kimya ndani. Bibi aliyekaa kando yangu hakuinua hata kichwa. Alikuwa akijaza fumbo la maneno kwa kalamu ya wino, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko ndege. Rubani akazunguka, akajaribu tena, tukatua kwa kishindo, watu wakapiga makofi. Bibi akafunika kalamu.

Dada alikuwa mlangoni na wanawe, na mdogo akanirukia, “Mama mdogo! Mbuzi iko wapi?” Alidhani namletea mbuzi wa miguu minne.

Siku za kwao ni habari ya siku nyingine. Turudi kwenye ndege.

Kurudi nilikata kupitia Cagliari badala ya Alghero, na dada alinuna kidogo kwa kuwa ilimaanisha kuondoka mapema. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Cagliari ina ndege nyingi zaidi za Roma kwa siku, kwa hiyo moja ikivunjika ipo nyingine. Pia nilitaka kukiona kisiwa kwa chini. Reli ile haina umeme, ni treni za dizeli, nazo hupita Macomer na Oristano, kondoo huku na huku, na minara ya mawe ya kale wanayoiita nuraghe ikichomoza mashambani. Nililala Cagliari, kisha asubuhi nikapanda treni ya dakika chache hadi kituo cha Elmas, ndio uwanja wa ndege wa Cagliari. Kutoka jukwaani unatembea tu hadi ndani. Uwanja umekaa kando ya ziwa la maji ya chumvi la Santa Gilla, na heroe walikuwa wamesimama majini kwa makundi, hawashtuki ndege zikiruka. Ndege ya mwisho kabisa ya Alitalia, lile shirika la taifa la Italia lililofungwa, usiku wa 14 Oktoba 2021, iliondokea hapa kwenda Roma.

Saa ya kuondoka ndiyo niliyoipigia hesabu kuliko zote. Italia migomo ya usafiri hutangazwa mapema, na sheria inalinda vipindi viwili kwa siku: safari zilizopangwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, lazima ziruke. Tena kuanzia 27 Julai hadi 5 Septemba migomo ya ndege hairuhusiwi, lakini huo ndio wakati wa bei za Agosti. Ndege yangu ya Addis ilikuwa ya usiku. Kipindi cha jioni kingenifikisha Roma nikihema. Nikachukua cha asubuhi, nikijua nitashinda Roma kutwa.

Ikawa kweli mgomo ulitangazwa siku hiyo, wa wapakia mizigo, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Kwenye mizani ya Elmas sanduku lilizidi kwa sababu ya jibini la kondoo la mama mkwe wa dada. Nikalihamishia begi la mkononi, nikapita. Fiumicino nikaacha mzigo kwenye stoo ya kulipia, nikapanda treni ya kawaida ya euro nane hadi Trastevere, mtaa wa Roma, nikala mchana kwa raha. Niliporudi, safari kadhaa za Sardinia zilikuwa zimeandikwa zimefutwa, na familia zimekalia masanduku.

Nikawapigia picha ubao ule, nikatuma kwenye kikundi cha familia. Shemeji akawahi kujibu: “Meli haigomi.”

Dada akamjibu papo hapo, “Pasaka ile tuliyolala bandarini, meli ilikuwa imeharibika?”

Shemeji akasoma, asijibu. Nikaenda kupanga foleni ya Addis.