Jumapili ambayo sikutajwa

Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumamosi nilikuwa nikienda kumfulia mama mmoja mzee wa kanisani kwetu ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Nikishaanika mashuka, tunasoma zaburi moja, tunaomba, naondoka.

Kwenye ibada ya shukrani, mchungaji aliwasimamisha waliojitolea, akawataja mmoja mmoja. Mimi sikutajwa. Nilipiga makofi pamoja na wengine, lakini moyoni nilikuwa nahesabu: Jumamosi ngapi, mashuka mangapi. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilijiambia nimechoka, na haikuwa kweli.

Wiki hiyo nilirudia Mathayo 6, pale Yesu anaposema juu ya watoao sadaka ili watukuzwe na watu: “Wamekwisha kupata thawabu yao.” Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo watu wa zama zile waliloandika kwenye stakabadhi, kuonyesha kwamba deni limelipwa lote. Basi mimi nilikuwa nimekasirika kwa kunyimwa stakabadhi! Halafu wale wenye haki wa Mathayo 25 wanamwuliza Mfalme, “Ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?” Hawakumbuki. Mimi nilikumbuka hadi foronya.

Kilichonivunja zaidi ni Yohana 13. Tukiisoma sura ile huwa tunakaa sana kwa Petro anayekataa kuoshwa miguu. Lakini Yuda naye alikuwepo. Hatoki mpaka mstari wa 30, Bwana akiwa ameshaosha miguu na kurudi mezani, na mstari wa 11 unasema alimjua atakayemsaliti. Akainama akaiosha na miguu ile. Nimekaa na jambo hili siku nyingi, nikilia mara nyingine.

Sisemi nia yangu imetakata. Naomba kila ninapokwenda, wakati mwingine nikiwa tayari nimeloweka nguo, maana nikingoja moyo utakate kwanza, yule mama atalalia shuka chafu.

Nilipoenda tena, nilikuta foronya moja kwenye kamba, inachuruzika maji. Alikuwa amejaribu kuifua mwenyewe, vidole vikashindwa kuikamua.

“Mwanangu, nilidhani unaumwa,” akasema. “Nimekuombea wiki nzima.”

Nilimwambia ukweli kwa nini sikuja. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimfungulie Biblia tuanze na zaburi, nguo zingesubiri.