Mama yuko Kirumba, wasiwasi uko Leicester

Wasiwasi wa mtu aliye mbali na kwao hautulizwi kwa kuongezewa habari. Nililiona jambo hili mwaka 2020, baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 Machi kwamba korona ni janga la dunia nzima, na ninaliona tena kila ugonjwa wa mlipuko unapotajwa Kanda ya Ziwa. Uingereza iliwafungia watu ndani tarehe 23 Machi. Tanzania, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alitangazwa wiki moja kabla, ilifunga shule na vyuo, lakini masoko, nyumba za ibada na vivuko viliendelea na kazi. Mimi niliyekuwa Leicester nikawa siruhusiwi hata kuingia kwa jirani, ilhali dada yangu alikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, kila alfajiri akinunua na kuuza dagaa katikati ya wachuuzi, makuli na madereva wa malori ambao hakuna aliyeweza kuwaambia wasimame mita mbili mbili.

Huku takwimu zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kule zilikoma. Saa kumi na moja jioni viongozi wa Uingereza walijitokeza kwenye televisheni kusoma idadi ya waliokufa, lakini za Tanzania ziliishia wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, zisitolewe tena hadi mwaka uliofuata. Nafasi hiyo ikajazwa na kundi la ukoo la WhatsApp: sauti za watu wasiojulikana, picha za makaburi ya nchi nyingine zikidaiwa kuwa za Mwanza, na shangazi aliyesambaza kila alichopokea kwa nia njema kabisa. Anayezisoma habari hizo usiku wa manane akiwa Ulaya hana la kufanya juu yake. Anabaki kusubiri nyumbani waamke. Ndiyo maana nilijiwekea utaratibu wa kusoma habari mara moja kwa siku, mchana, kutoka vyanzo ninavyoviamini, na kuzima sauti ya kundi lile bila kujitoa, kwa sababu kujitoa kwenye kundi la ukoo ni kesi nyingine.

Wasiwasi una ubaya wa kuiga ugonjwa wenyewe unaouogopa. Kifua hubana, moyo hudunda, vidole hufa ganzi, na mtu huamini kwamba korona imemfikia. Mwenye hofu huhema haraka haraka hadi akatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyopaswa, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Tiba ya papo hapo ni kuitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, ukiwa umekaa na mabega umeyalegeza, kwa dakika chache. Ikiwa shida ya kupumua haiondoki hata ukitulia, au inakuja na homa au maumivu ya kifua, hilo si la kujituliza bali ni la hospitali. Wengi wetu tulinunua kile kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na hapa Uingereza mgonjwa wa korona aliyekuwa nyumbani aliambiwa awahi hospitali kikisoma 92 au chini ya hapo. Lakini ni vizuri tujue kwamba kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, hivyo asiyejisikia vizuri asifarijiwe na namba peke yake.

Lililonisaidia kuliko yote ni kubadilisha maswali ya simu. Ukimuuliza mama anaendeleaje, atajibu, "Hatujambo, tunamshukuru Mungu," jibu ambalo mama yeyote wa Kisukuma atalitoa hata akiwa na homa kali, na wewe utakata simu ukiwa na mashaka yale yale. Mama ana presha na sukari, magonjwa ambayo humweka aliyeambukizwa korona katika hatari kubwa zaidi, kwa hiyo maswali yangu yakawa ya vitu vinavyohesabika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Vidonge vya presha vimebaki vingapi?"

"Ngoja nimwite mpwa wako akahesabu."

Mpwa wangu alivimwaga kwenye kisosi, nikasikia vikigonga, akahesabu kwa sauti hadi tisa. Tisa ni jambo linaloshikika. Nilituma pesa kwa simu siku hiyo hiyo, dada akapitia duka la dawa akitoka sokoni, na usiku ule nililala.

Suala la kujifukiza lilihitaji busara zaidi. Mama alikuwa akichemsha majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi pamoja na maganda ya limau katika sufuria kubwa, kisha anaketi kwenye kigoda na kujifunika blanketi pamoja na wajukuu wawili. Mvuke huo hauui virusi, na nilimwambia hivyo mara moja, kwa heshima, nikaacha. Ukimbana mzazi kwa hoja za kwenye intaneti utakachopata ni kufichwa mambo. Nilichokihofia zaidi kilikuwa maji ya moto, na pumzi za watu watatu chini ya blanketi moja. Tulikubaliana kwamba sufuria iepuliwe na kuwekwa sakafuni, kwamba ajifukize peke yake, na kwamba watoto wasiingie kabisa. Alikubali upesi, nadhani kwa kuwa hakuna aliyemnyang'anya dawa yake.

Dada naye asingeweza kuacha kwenda Mwaloni. Tulichozungumza ni namna ya kupunguza hatari: barakoa ya kitambaa iliyofuliwa na kuanikwa juani, biashara ifanyike nje kwenye upepo wa ziwa badala ya ndani ya ghala, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuingia nyumbani. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaokizunguka kirusi cha korona, hata ile ya mche, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuhangaikia vitakasa mikono vya bei mbaya. Mwezi nao ulimsaidia, kwani mbalamwezi inapokuwa kali mitumbwi ya dagaa hupumzika, na siku hizo ndizo alizotumia kumpeleka mama kliniki.

Upande wangu mambo yalikuwa madogo: kutembea nje mara moja kwa siku kama serikali ilivyoruhusu, kuiacha simu jikoni usiku, na vidonge vya vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, ambavyo huduma ya afya ya Uingereza inatushauri wenye ngozi nyeusi tufikirie kuvitumia mwaka mzima kwa sababu jua la huku halitutoshi.

Chanjo ilizinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani. Mama aliuliza swali moja tu, kama mimi nimechanja. Niliposema ndiyo, akaenda na dada.

Ilipotangazwa Machi 2023 kwamba Marburg, ugonjwa mwingine wa virusi, imeingia Kagera, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo, kundi la ukoo liliwaka moto upya. Marburg huua sehemu kubwa zaidi ya wanaoipata kuliko korona, lakini haisambai hewani kama korona. Huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, hivyo maswali nayo yalibadilika: nani anauguza mtu, nani ameitwa kuosha maiti, ni mgeni gani ameshuka kutoka Bukoba. Dada alinijibu yote kwa mfululizo, kisha akauliza lake: dagaa wanauzwaje huko Leicester kwenye maduka ya Waafrika, maana ana mteja anayetaka kusafirisha.