Kasha la mchele, siku ya nane



Tarehe 12 Julai 1762, huko Seoul, Sado alikata roho ndani ya kasha la mchele. Mrithi wa ufalme wa Joseon (Korea ya zamani), miaka 27. Aliyemwamuru aingie humo ni baba yake mzazi, Mfalme Yeongjo.

Siku nane, jua la kiangazi.

Kwa nini kasha? Angehukumiwa kama mhalifu, doa lingempata mkewe na mwanawe wa miaka tisa, na huyo mtoto ndiye tegemeo pekee la ukoo. Ndiyo ikatafutwa njia ya kumuua bila kumhukumu.

Ila kinachoniganda mimi ni nguo.

Mkewe, Bibi Hyegyeong, ameacha maandishi. Sado aliogopa kuvaa. Ili avae mara moja tu, zilitandazwa nguo kumi, ishirini, hata thelathini. Nyingine alizichoma moto kwa ajili ya mizimu. Mtumishi akikosea kidogo, balaa. Mwaka 1761 suria wake alipigwa hadi kufa katika kumvisha tu.

Na kuvaa kulimaanisha nini? Mara nyingi, kwenda mbele ya baba, kukaripiwa hadharani. (Hilo halimfufui yule suria.)

Yule mtoto alitawazwa mwaka 1776 kwa jina la Jeongjo. Siku hiyohiyo akatamka mbele ya mawaziri: mimi ni mwana wa Sado.

Jamani, nyie mngemlaumu nani hapa?