Mafuta ya mwilini nayo yana saa yake

Wiki hii kuna jambo limenikaa kichwani kutwa kucha: mafuta ya tumboni na mapajani yana saa yake. Si akiba iliyolala tu. Ndani ya kila seli ya mafuta mna jeni zinazopanda na kushuka kwa mzunguko wa takribani saa 24, jamii ileile ya jeni ambazo uchunguzi wake kwa nzi wadogo wa matunda uliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Lakini seli hizo hazina macho. Lazima kitu kizipelekee habari kwamba usiku umeingia, na mmoja wa wapeleka habari hao ni melatonini, homoni inayotolewa na tezi ndogo ya pineali ndani ya ubongo. Giza likitanda inapanda, mwanga mkali ukiingia machoni inashuka. Kilichonishangaza zaidi ni kazi ya watafiti wa São Paulo, Brazil. Walichukua seli za mafuta za panya wakazikuza maabara, wakaziwekea melatonini kwa saa 12 na kuiondoa kwa saa 12, kama usiku na mchana. Kazi ya seli hizo ya kuweka mafuta na kuyaachia ikafuata mzunguko ule. Seli zilikuwa peke yake, bila ubongo wala tumbo, na bado zilitii. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa.

Nasoma haya nikimfikiria dada yangu. Anauza chakula usiku hapa Mbeya, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, chini ya balbu nyeupe kali, kwa sababu madereva wa malori hawachagui saa ya kufika. Saa nane usiku, wakati mwili wake ulipaswa kuwa na melatonini tele, ndipo naye anapopata nafasi ya kula: wali maharage, au chipsi zilizobaki. Asubuhi analala jua likipenya dirishani. Ameongezeka uzito, na kila anayemwona anamwambia apunguze ugali. Ushauri huo unaniuma. Hakuna anayemuuliza anakula saa ngapi.

Saa ina uzito wake. Huko Hispania watu 845 walinyweshwa maji ya sukari jioni mbili tofauti: mara moja saa nne kabla ya muda wao wa kulala, mara nyingine saa moja tu kabla. Ile ya karibu na kulala ilikuta melatonini iko juu, kongosho likatoa insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) pungufu, na sukari ikabaki juu katika damu. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wenye aina fulani ya jeni ya kipokezi cha melatonini, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo. Usiku mwili unajiandaa kufunga, siyo kupokea sahani.

Sisemi kwamba melatonini peke yake ndiyo iliyomnenepesha dada. Kuna usingizi mfupi, kuna mafuta ya kukaangia, kuna kukaa. Wala simshauri amwone muuza dawa akanunue vidonge, maana majaribio ya panya na seli hayajawa dozi ya mama wa watoto watatu.

Tumezungumza. "Mdogo wangu, nikiacha kula usiku nitasimamaje jikoni?" Swali la haki kabisa. Tukakubaliana mlo wake mkubwa uwe saa kumi na moja jioni kabla ya kutoka, ndizi na nyama au kande, na usiku abaki na kitu chepesi. Nimemshonea pazia zito la kitenge lenye bitana nyeusi. Balbu ya juu ya meza yake ya kukatia vitunguu tutaiacha, kisu hakitaki giza, ila ile ya pili inayomwangaza usoni tutaihamishia upande wa wateja. Jumatatu nampeleka kupima sukari.