Nilivyozoea milinganyo iliyo kweli daima

Katika aljebra, alama ya sawasawa hufanya kazi mbili tofauti. Kwenye x² − 5x + 6 = 0 inauliza: x ni ngapi? Jibu ni 2 au 3, basi. Kwenye (x + 1)² = x² + 2x + 1 haiulizi kitu. Weka 7, weka −4, weka nusu, pande mbili zitalingana tu. Mlinganyo wa aina hii ya pili ni kweli daima, na nimeuzoea kwa kujiuliza kabla ya kuanza kuandika: hapa natafuta x, au nathibitisha?

Nikithibitisha, sivushi kitu ng'ambo ya alama. Nachukua upande wenye mambo mengi, nafungua mabano, narahisisha mpaka ufanane na mwenzake. Kuvusha ni kukubali mapema kwamba pande ni sawa, na hicho ndicho ninachotakiwa kuonyesha.

Kwanza hujaribu namba. Je, (a + b)² ni sawa na a² + b²? Weka 1 na 1: huku 4, kule 2. Imekwisha. Namba zikikubali, huo bado si uthibitisho, ila kwa polinomia (semi kama x² + 2x + 1, zenye vipeo vya x vilivyozidishwa kwa namba na kujumlishwa) kuna jambo zuri mno: pande zenye kipeo kisichozidi 2 zikilingana kwa namba 3 tofauti, zinalingana kwa zote. Zisingekuwa hivyo, kutoa upande mmoja kwenye mwingine kungezaa mlinganyo wa kipeo kisichozidi 2 wenye majibu matatu, na huo haupo.

Ninaoutumia zaidi ni a² − b² = (a + b)(a − b). Huo ndio unaonipa 103 × 97 kichwani: 10,000 toa 9, yaani 9,991. Ndio pia ulionifungulia ule unaobeba jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa (1776–1831). Chukua n⁴ + 4. Ongeza 4n², kisha itoe: unapata (n² + 2)² − (2n)², tofauti ya miraba miwili! Kwa hiyo n⁴ + 4 = (n² + 2n + 2)(n² − 2n + 2), na kwa namba nzima yoyote n inayozidi 1, jumla hiyo kamwe si namba tasa. n ikiwa 3 tunapata 85, yaani 17 × 5. Ikiwa 5, ni 629, yaani 37 × 17. Ni 1 pekee inayoponyoka, maana hapo kigawo kimoja kinakuwa 1 na kinachobaki ni 5.